Raha Juu ya Jasho la Wafu

Huko Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, kuna njia ya baiskeli ya kilomita kama 18 inayotoka bandari ndogo ya Portreath, pwani ya kaskazini, hadi Devoran kwenye hori la bahari upande wa kusini. Waendeshaji wa baiskeli za milimani wanaipenda kwa kuwa miinuko yake si mikali, na kwa kuwa katikati, kwenye bonde la Poldice, kuna vilima vya kifusi cha manjano na hudhurungi ambavyo vijana huviruka kwa magurudumu yao. Kifusi hicho ni mabaki ya machimbo ya shaba na bati. Njia nayo ilizaliwa na machimbo hayo hayo: reli ya Portreath ilianza kujengwa mwaka 1809, na farasi ndio waliovuta mabehewa ya madini kuyapeleka melini. Mpaka leo, mahali pengine njiani yamebaki mawe ya matale yaliyopangwa kwa safu, na juu ya jiwe limo tundu lililotobolewa kwa mkono ili kushikilia reli. Gurudumu la mtu anayestarehe hupita juu ya tundu hilo. Je, ni halali kujiburudisha mahali ambapo wengine waliteseka mpaka kufa?

Mateso yenyewe hayahitaji kutiwa chumvi. Julai 1846, maji ya mvua kubwa yaliingia mgodi wa East Wheal Rose yakaua watu 39. Oktoba 1919, katika mgodi wa Levant, ambao njia zake zilikwenda hadi chini ya bahari, mtambo uliowapandisha wachimbaji juu ulikatika, wakafa 31. Hata hivyo, kifo cha ghafla hakikuwa ndicho kilichowamaliza wengi. Mwaka 1904 mwanasayansi J. S. Haldane alitoa ripoti juu ya afya ya wachimbaji wa Cornwall, akaonyesha jinsi vumbi la mawe lilivyokuwa likiharibu mapafu yao. Juu ya ardhi, wanawake na wasichana walishinda wakipasua mawe kwa nyundo. Kwenye tanuri za aseniki, sumu iliyotumika kuua wadudu wa mashambani, wafanyakazi waliingia ndani ya njia za moshi kukwangua unga uliogandamana ukutani, pua wameziba kwa pamba na ngozi iliyo wazi wameipaka udongo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yao.

Mbele ya habari kama hizi, wapo watakaosema bonde lote liachwe kimya kama makaburi. Naiheshimu hoja hiyo, lakini naona imewasahau wachimbaji wenyewe. Si mbali na njia hii kuna bonde la duara liitwalo Gwennap Pit, shimo linalodhaniwa kutokana na ardhi kutitia juu ya machimbo. Mhubiri John Wesley alihubiri pale mara 18 kati ya 1762 na 1789, na mwaka 1806, baada ya kifo chake, wenyeji walilichonga shimo hilo likawa na ngazi za majani za kuketi, duara juu ya duara. Watu waliojua vizuri kilichomo chini ya miguu yao walichagua kuimba mahali pale pale ardhi ilipoporomoka. Mpinzani atajibu kwamba ibada si mchezo. Ni kweli. Ila wachimbaji hao hao walikuwa na sikukuu zao na mieleka yao iliyojulikana kote, wala hawakudhani kwamba taabu ya mgodini imewanyima haki ya kucheka nje yake. Kuwageuza kuwa watu wa huzuni tupu ni kuwapunguzia utu, na mimi sioni heshima ndani yake. Mateso peke yake hayaitakasi ardhi, wala kuwahurumia hakutupi ruhusa ya kuwafungia marehemu katika siku yao mbaya kuliko zote.

Upande wa pili wanasimama wafuasi wa mwanafalsafa Epikuro, aliyefundisha kwamba kifo si kitu kwetu, maana tukiwapo hakipo, kikiwapo hatupo. Basi wafu hawahisi chochote, na asiyehisi hana la kudai. Hoja hii ni safi mno kiasi cha kutia shaka. Mtu akimsingizia marehemu wizi, sote tunajua kwamba amemkosea huyo marehemu, hata kama hana mtoto wala ndugu wa kuumia. Mwanafalsafa Aristotle aliliona tatizo hili, akakiri kwamba yanayotokea baada ya kifo yanaweza kuwagusa wafu kidogo. Mimi sihitaji kwenda mbali kama yeye. Yanitosha kwamba mteremko laini unaomfurahisha mwendeshaji ulipimwa kwa ajili ya farasi waliovuta mali ya wengine, na kwamba waliouchonga hawakulipwa kwa furaha ya leo. Apokeaye zawadi asiyoweza kuirudisha ana wajibu mmoja asioweza kuukwepa: kutosema uongo kuhusu ilikotoka.

Na hapa ndipo penye upinzani ninaoupa uzito zaidi, kwamba njia ya starehe yenyewe ni uongo. Inasawazisha, inapendezesha, inabandika jina la Urithi wa Dunia, ambalo UNESCO iliipa mandhari ya migodi ya Cornwall na Devon Magharibi mwaka 2006, kisha inaita mandhari kile kilichokuwa karakana ya sumu. Hatari hiyo ipo. Dawa yake, kwa maoni yangu, si kufunga njia. Vilima vitupu vya Poldice viachwe vitupu, visipandwe maua, na kibao kieleze aseniki ilikwanguliwaje na nani. Pia ikubalike kwamba jeraha lingali bichi. Januari 1992, muda mfupi baada ya mgodi wa Wheal Jane kufungwa na pampu kuzimwa, maji yenye asidi na metali yalifurika yakaugeuza mto Carnon na hori lile lile la Devoran rangi ya chungwa, na maji ya mgodi huo yanaendelea kusafishwa hadi leo. Jamii inayogharamia usafishaji huo, na kuwaambia wageni wake kwa nini inaugharamia, imepata haki ya kucheza pale. Ile inayochukua starehe na kuficha gharama haijaipata.

Kuna wajibu mmoja zaidi, nao unavuka bahari. South Crofty, mgodi wa mwisho wa bati Cornwall, ulifungwa mwaka 1998, na miaka michache baadaye watu wakaanza kuchimba kwa mikono huko Bisie, Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, wakibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kupita msituni huku watu wenye silaha wakiwatoza njiani. Bati ndilo hulehemu saketi ndani ya simu, pamoja na ile inayofungwa kwenye usukani wa baiskeli. Mwendeshaji wa Cornwall hakuwatuma wale wenye silaha, na simlaumu kwa hilo. Lakini akifundishwa na vibao kama hivyo vya Poldice namna ya kusoma kazi ya mikono ndani ya kitu laini, elimu hiyo haina sababu ya kuishia mwaka 1998. Utaratibu wa kuyafunga magunia lebo karibu na shimo upo Kongo, una mianya inayojulikana, na wanunuzi wa simu wana sauti ya kudai mianya hiyo izibwe.