Uaminifu Wangu, Kombe Letu

Ncha ya kiatu changu cha kushoto iligusa mstari. Niliona chaki ikiruka. Hakuna mwingine aliyeona: msee aliyekuwa ananikaba alikuwa ameanguka, na jua la jioni lilikuwa machoni mwa waliobaki. Ilikuwa fainali ya mashindano ya vyuo, 12 kwa 12, anayefunga ndiye bingwa. Kisahani kilikuwa mkononi mwangu, ndani ya eneo la kufungia. Wenzangu walikuwa washaanza kupiga mayowe.

Nikasema, "Nje."

Kama hujawahi kucheza ultimate, wacha nikueleze. Wachezaji 7 kila upande na kisahani cha plastiki cha gramu 175. Ukikidaka huruhusiwi kukimbia nacho. Unapasia mwenzako, na mnafunga mkikidaka ndani ya eneo la mwisho la wapinzani. Mstari wa pembeni si kama wa kandanda: ukiukanyaga, uko nje. Na hakuna refa. Aliyeona vizuri zaidi ndiye anayesema, na mara nyingi huyo ndiye angefaidika akinyamaza.

Ndivyo ilivyo tangu vijana wa shule ya upili ya Columbia, New Jersey, waanzishe mchezo huu mwaka wa 1968. Tarehe 6 Novemba 1972, Rutgers iliilaza Princeton 29 kwa 27 katika mechi ya kwanza kati ya vyuo vikuu. Hata kwenye World Games, ambako mchezo huu umekuwepo tangu 2001, wachezaji bado hujiamulia wenyewe.

Historia ya timu yetu ni fupi. Tulianza watu tisa na kisahani kimoja, kwenye kona ya uwanja ambayo watu wa kandanda hawakuitaka. Mipaka tuliiweka kwa viatu na mabegi. Msimu wa kwanza tulipigwa kila mechi. Wa pili tukashinda moja, na tukaimba njia nzima hadi tao. Kapteni wetu alikuwepo tangu siku ile ya kisahani kimoja. Fainali hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho kabla ya kumaliza chuo.

Niliposema "nje", kisahani kikawa chao. Pasi tano baadaye, wakafunga.

Kwenye matatu hakuna aliyeongea hadi tulipokaribia Pangani. Kisha kapteni akaniambia, bila hasira, "Sikulaumu kwa kusema ukweli. Lakini ulilipa na pesa yetu."

Mpaka leo najibizana na maneno hayo. Manze, hakukosea. Ni rahisi kuwa mkweli ukijua bado una nafasi nyingine. Mimi nilikuwa mwaka wa pili. Yeye hakuwa na msimu mwingine. Wenzangu waliamka alfajiri mwaka mzima kwa ajili ya jioni moja, na mimi nikaamua peke yangu, kwa sekunde moja, itaishaje. Dhamiri ilikuwa yangu, sawa. Lakini kombe halikuwa langu peke yangu.

Hapa ndipo nimefika: kunyamaza pia kungekuwa kuwaamulia. Ningewapa kombe wasilojua limetoka wapi. Wangepiga nalo selfie, kapteni angemtumia mamake picha, na ni mimi tu ningejua. Ukweli uliwanyima ushindi, lakini uliwaacha wakijua kilichotokea, kwa hivyo waliweza kunikasirikia. Uongo ungewanyang'anya hata hasira hiyo. Tena kulikuwa na wale wengine, wapinzani, ambao pia waliamka alfajiri. Ndani ya ile matatu hakuna aliyewakumbuka.

Hata hivyo, hoja hii hairudishi chochote kwa kapteni. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakutuambia nauli ya mkweli inalipwa na nani, na siku ile niliwalipisha watu ambao hawakuulizwa.

Juzi mazoezini, mwanafunzi mpya aliniuliza, "Na kama hakuna mtu ameona?"

Nikamwambia aseme tu. Kisha nikaongeza jambo ambalo mimi sikulifanya siku ile, maana nilibaki nikiangalia viatu vyangu: akishasema, ainue kichwa awaangalie wenzake.