Saa Mbili za Mgeni

Wahenga hawakumwachia mgeni nafasi ya kubaki mtazamaji tu. Siku mbili hukirimiwa, na ya tatu hupewa jembe. Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa ni onyo kwa mdoezi, lakini ndani yake mna fikra nzito zaidi: kwamba mtu hapajui mahali mpaka mkono wake uguse kazi ya mahali hapo. Nini basi hukumu ya mgeni wa zama hizi, asiyeifikia hata hiyo siku ya pili, bali hununua saa mbili za kutembezwa mji kisha akaenda zake?

Na afikiriwe mwalimu wa Biharamulo, mkoani Kagera, aliyedunduliza nauli mwaka mzima, akasafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka pwani, akavuka bahari, na kumlipa mtembezaji amwoneshe Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ndani ya saa mbili ataoneshwa Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kutimuliwa Wareno. Ataitazama Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Atapitishwa vichochoroni, penye milango ya nakshi na mabaraza. Mwisho atafikishwa Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Hapo Mkunazini ndipo penye mtihani. Mgeni huteremshwa katika vyumba vya chini ya jengo la Mtakatifu Monica, vyenye dari la kuinamia na giza la kutisha, akaambiwa kwamba humo watumwa walisongamanishwa wakingoja kunadiwa. Wengi hutoka wakilia. Lakini wako wanahistoria waliolitia shaka simulizi hilo, wakieleza kuwa jengo lenyewe lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa.

Yamkini mtu akauliza: pana ubaya gani? Soko lilikuwako. Waliouzwa walikuwako, na wengi wao walitoka bara. Machozi ya mgeni ni ya haki, hata kama jiwe alilolilia silo. Hoja hii ina uzito, kwani saa mbili hazitoshi kufundisha historia, na moyo hukumbuka chumba upesi kuliko tarehe. Hata hivyo ina kasoro. Mtu aliyeuzwa alikwisha kunyang'anywa jina, ukoo na lugha. Kumwongezea chumba ambacho huenda hakukiona ni kuendelea kumsemea. Tena iko hatari: atakayekuja kugundua kuwa chumba kina shaka atashawishika kulitilia shaka soko zima, na hapo machozi ya jana yatakuwa hoja ya mkanushaji wa kesho.

Wako watakaosema kuwa kosa ni la zile saa mbili, na kwamba mgeni angekaa zaidi angeujua ukweli. Nchi ya mwalimu huyo inalo jibu. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita Usui, katika maeneo ambayo leo ni ya Biharamulo na Ngara, akielekea Karagwe. Huko mgeni hakujipangia muda. Mtawala Suwarora alimzuia njiani siku nyingi, akimtoza hongo ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Speke aliondoka bila ya kuonana na Suwarora ana kwa ana, na kitabu chake cha mwaka 1863 kimejaa manung'uniko juu ya hongo hizo. Siku zilikuwa nyingi, ujuzi wa mwenyeji ukawa haba. Ilhali katika msafara huo huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, aliyekamatwa utotoni katika nchi ya Wayao, akauzwa, akafikishwa India, kisha akarejea Unguja akiwa huru. Mtu aliyekuwa na mengi ya kusimulia juu ya biashara ya watu alikuwa akitembea ubavuni mwa mgeni, miezi na miezi.

Basi siri ya methali haimo katika hesabu ya siku. Imo katika jembe. Na jembe la mgeni wa saa mbili ni swali: haya yamejulikanaje? Jembe la mtembezaji ni kupambanua, aseme hili limeandikwa, hili limesimuliwa, na hili lina ubishi. Neno "inasemekana" halichukui hata nukta moja kutamkwa, wala halimpunguzii mtu ujira. Akilitamka mbele ya vile vyumba, mgeni atainama vile vile, ila atakuwa ameaminiwa kama mtu mzima.

Kazi hiyo haiishi bandarini. Biharamulo nako kuna jumba la kutazamwa, boma lililojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mabasi hupita, abiria hulichungulia dirishani, na ni wachache wateremkao. Mwalimu akirejea, wanafunzi wake watamuuliza habari za Unguja, naye atazieleza. Lakini siku atakapowapandisha bomani, zamu ya utembezaji itakuwa yake. Itakuwa rahisi kusifu unene wa kuta. Itakuwa rahisi vile vile kubuni shimo la mateso ili watoto wasisinzie. Kilicho kigumu ni kuwaambia lijulikanalo, kisha kuwauliza ni nani aliyebeba mawe yale na kwa ujira gani, na kuwatuma kwa wazee wao wenye kumbukumbu za mababu, kila mmoja na daftari lake, kabla wazee hao hawajaondoka.