Asiyeweza Kukulisha Asikushike

Mwaka jana nilikuwa Chidya, Masasi, kwa kazi ya gazeti. Jioni bibi mwenyeji wangu aliniwekea ming'oko ya kuchemsha. "Kula, mjukuu wangu. Hii ndiyo iliyowavusha wazee wetu." Majeshi yalipokomba maghala, akasema, watu waliingia porini na majembe kuichimba.

Vita hivyo ni Vita Kuu ya Kwanza. Novemba 1917 Paul von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hadi uwanda wa Makonde, Waingereza wakimfuata. Chakula kilikuwa kidogo, kwinini inaisha. Pale Nambindinga aliwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi wawe mateka wa Waingereza, akavuka Ruvuma na wenye nguvu. Siku hizohizo Kapteni Theodor Tafel, aliyekuwa akija kuungana naye kutoka Mahenge, alisalimu amri upande wa Newala. Njaa ilimshinda.

Je, kumwachia adui mgonjwa wako ni ukatili? Nimelifikiria sana hili, na naona hapana. Ukimshika mtu umemnyang'anya jembe lake, kwa hiyo tumbo lake ni deni lako. Ukishindwa kulilipa, mwachie.

Lakini ukikubali kipimo hicho, orodha ya mateka inakuwa ndefu ghafla. Wapagazi wengi wa pande zote mbili walikamatwa vijijini, wakabebeshwa mizigo, mara nyingine vyakula wasivyoruhusiwa kugusa. Kutoka Shelisheli Waingereza walileta wapagazi karibu 800 mwishoni mwa 1916. Ndani ya miezi michache zaidi ya 200 walikufa kwa malaria, kuhara damu na beriberi. Beriberi ni upungufu wa vitamini B1: miguu inavimba, moyo unachoka. Hailetwi na risasi, inaletwa na chakula kibovu cha kila siku. Na hao hakuna aliyewaita mateka.

Mtu ataniambia vita ni vita, hata makamanda walilala njaa. Sawa, ila kamanda aliamua mwenyewe kuendelea. Mpagazi hakuulizwa.

Na leo je? Wakimbizi wa Nyarugusu, Kigoma, hawatoki kambini bila kibali, na mgao wao umeshapunguzwa zaidi ya mara moja. Tunawaita wageni wetu. Mgeni gani huyo, anayekatazwa kwenda kuchimba ming'oko yake?