Amana Iliyomo Katika Chai Baridi ya Mgeni

Miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyashughulikia kwa muda mrefu ni lile la wajibu wa mtu kwa mwenzake katika mambo ambayo mwenzake huyo hawezi kuyaona. Chai baridi ya Kithai, yaani chai nyeusi nzito inayotiwa viungo, sukari na maziwa mazito ya kopo kisha ikamiminwa juu ya barafu, huliweka swali hili wazi kuliko kikombe cha chai ya moto, kwa sababu ndani yake uchungu wa majani hufunikwa na utamu, rangi ya asili hufunikwa na rangi ya kutiwa, na maji yaliyogandishwa huonekana safi hata pale yasipokuwa safi.

Mkazi wa Kinanira, mtaa wa kusini mwa Bujumbura, anaweza kuitengeneza nyumbani kwake bila kuagiza pakiti yoyote kutoka ng'ambo. Teza, Rwegura, Tora na Ijenda, katika nyanda za juu za nchi yake, hutoa chai nyeusi ambayo sehemu yake kubwa huuzwa nje, hasa kupitia mnada wa Mombasa, na ambayo kwa kuwa hukatwa vipande vidogovidogo kiwandani hutoa rangi na ukali upesi. Majani hayo yakiloweshwa katika maji yaliyochemka pamoja na iliki, karafuu, mdalasini na, likipatikana, tunda la anisi lenye umbo la nyota, dakika tano zinatosha; yakizidishiwa muda, tanini, yaani kemikali ya mmea inayokausha ulimi, huiharibu chai yote. Sukari na maziwa ya kopo hutiwa chai ikiwa ingali moto, kwani sukari huyeyuka kwa shida katika kitu baridi.

Chai itokayo hapo ni ya kahawia, wala si ya machungwa kama ile ya Bangkok, na hapa ndipo swali linapoanza kuuma. Rangi ile ya machungwa kwa kawaida haitokani na majani bali na rangi ya viwandani, mara nyingi ile iitwayo E110; tangu Julai 2010 vyakula vyenye rangi hiyo katika Umoja wa Ulaya hulazimika kubeba onyo kwamba rangi hiyo huenda ikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Je, kuitia ni udanganyifu? Hadithi iliyopokewa na Muslim kuhusu muuzaji ambaye nafaka yake ilikuwa imelowa chini na kavu juu inasaidia kupambanua jambo hili, kwa kuwa Mtume hakumlaumu kwa mvua iliyoilowesha nafaka, bali kwa kutoiweka iliyolowa mahali ambapo watu wangeiona. Kwa kipimo hicho, rangi inayojulikana na kila mnywaji haimdanganyi mtu, ilhali rangi ileile mbele ya mgeni wa Kinanira anayedhani kuwa ni kazi ya viungo imekwisha kuwa neno lisilo la kweli, ingawa hakuna aliyefungua kinywa kulisema.

Barafu ni jambo zito zaidi. Kugandisha maji hakuui vijidudu vyote, na mji wa Bujumbura, ambao ulikumbwa na kipindupindu mwanzoni mwa mwaka 2023, hauwezi kuichukulia barafu kama pambo la bilauri. Mila ya Burundi ya mwenyeji kuonja kinywaji kwanza mbele ya wageni, ambayo ni adabu nzuri sana, iliwekwa dhidi ya sumu na nia mbaya. Lakini kipindupindu huweza kuchukua saa chache hadi siku tano kabla ya kujitokeza, hivyo anayeonja na anayekaribishwa huweza kunywa madhara yaleyale kwa tabasamu moja. Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu kuaminiana, alieleza kwamba anayemwamini mwingine hukubali kuwa katika hali ya kuweza kudhuriwa naye huku akitarajia kutodhuriwa. Mgeni aliyeketi sebuleni akisubiri bilauri yuko katika hali hiyohiyo, na kile alichomkabidhi mwenyeji wake bila kutamka ndicho Waislamu wanachokiita amana, yaani kitu cha mwingine ambacho mtu hutakiwa kukihifadhi hata kama hakuna shahidi.

Huenda ikasemwa kwamba matendo huzingatiwa kwa nia, na kwamba mwenyeji mwenye nia njema hana lawama. Hoja hii ina ukweli mkubwa, lakini haifiki mbali, kwa maana mapokeo yaleyale ya Kiislamu humwajibisha kwa madhara mtu aliyejitia utabibu bila kuujua, na Thomas wa Akwino, katika upande wa Wakristo, alitofautisha ujinga usioepukika na ule ambao mtu angeweza kuuondoa kwa kuuliza. Mwenyeji si tabibu, na hukumu yake ni nyepesi zaidi. Hata hivyo kuuliza maji yametoka wapi ni kazi ndogo mno kiasi kwamba asiyeifanya hawezi kujifunika kwa nia yake. Injili ya Mathayo, katika sura ya 10, inaahidi thawabu kwa anayempa mmoja wa wadogo kikombe cha maji baridi, na ni vigumu kuamini kwamba thawabu hiyo inamngoja mtu asiyejali maji yenyewe.

Anayependa rangi ya machungwa na aitie, mradi amwambie mgeni wake, na asiipeleke kwa watoto wa jirani bila wazazi wao kujua. Barafu iliyogandishwa kutokana na maji yasiyochemshwa wala kutibiwa haina ruhusa ya namna hiyo, na mwenyeji asiye na barafu salama afadhali amkaribishe mgeni kwa chai ya Teza ikiwa moto.