KHUTUBA YA IJUMAA: MAPATO YA NYUMBA ZA USIKU NA MABATI YA MSIKITI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, wazee wangu, na mama zetu mlioko nyuma ya pazia. Ijumaa iliyopita mliona mabati mapya yameegemezwa ukutani karibu na mahali pa udhu, mkafurahi, maana sote tunajua kwamba mvua ikinyesha safu ya tatu inasujudu ndani ya maji. Leo mabati hayapo. Maneno yamekuwa mengi sokoni, basi afadhali niyaseme hapa mimbarini kuliko yasemwe huko nusunusu.

Aliyeyaleta ni mwenzetu. Anafunga Ramadhani na anatoa sadaka. Jina lake silitaji, nanyi msilitaje. Ana nyumba tatu za muziki wa usiku: moja katikati ya mji, moja upande wa Kavimvira wanakopita watu wa mpakani, na moja upande wa Kalundu kwa wavuvi na watu wa bandari. Alianza na nganda moja tu. Anasema: “Shehe, mimi nauza vinywaji na muziki. Wanachofanya wasichana na wageni ni shauri lao.”

Nilimwomba anieleze kazi inavyokwenda, naye hakunificha. Msichana hana mshahara. Anapata fungu dogo kwa kila chupa anayonunuliwa na mgeni. Nguo na nywele anakopeshwa na nyumba, na akichelewa anakatwa. Chumba cha nyuma kinalipiwa kwa saa, na pesa ya chumba ni ya mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi deni limeshinda fungu, basi hawezi kuondoka. Akigombana na msimamizi wa nyumba ya kwanza anahamishiwa ya pili, na deni lake linamfuata katika daftari. Mbalamwezi ikiwa kubwa ndagala hawavuliwi, wavuvi wako nchi kavu na pesa mfukoni, na hizo ndizo siku za mavuno kwake. Nikamwambia: ndugu yangu, biashara yako ni hilo daftari, bia ni kisingizio.

Tena biashara hiyo si mpya. Pale Madina alikuwako Abdullah bin Ubayy bin Salul, mkubwa wa watu wake, aliyekuwa akiswali nyuma ya Mtume (s.a.w.). Katika Sahihi Muslim, Jabir (r.a.) anasimulia kwamba alikuwa na wajakazi wawili, Musayka na Umayma, akiwalazimisha kuuza miili yao ili yeye apate mali. Wakamshitakia Mtume, na hapo ikashuka aya ya 33 ya Suratun Nur. Kaisomeni nyumbani taratibu. Inamkataza anayewalazimisha kwa kutafuta mali ya dunia, kisha inataja msamaha na rehema ya Mola baada ya kulazimishwa kwao. Wafasiri wameeleza kwamba msamaha huo ni wa wale waliolazimishwa. Sisi hapa Uvira tumeigeuza: msichana tunamtemea mate njiani, na mwenye daftari tunampisha safu ya mbele.

Na wasichana hao ni nani? Wengine wameteremka kutoka milimani wakikimbia risasi. Wengine nyumba zao zilichukuliwa na maji ya Mulongwe mwezi wa Aprili 2020. Wako walio watoto kabisa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 inahesabu kulazimisha mtu kufanya umalaya, na umalaya wa watoto, kuwa makosa ya jinai. Mwaka 2004 tulizisikia habari za Bunia, jinsi askari wa MONUC walivyowatumia mabinti kwa chakula na pesa kidogo, tukasema wageni wametuharibia. Kweli waliharibu. Lakini Umoja wa Mataifa ulifunga kazi yake ya askari hapa Kivu ya Kusini mwaka 2024, na vyumba vya nyuma bado vinalipiwa kwa saa.

Sasa mabati. Makureshi walipoijenga upya Kaaba, kabla ya Utume, walikuwa washirikina, wanaabudu mawe. Hata hivyo walikubaliana kwamba katika jengo hilo isiingie pesa ya umalaya, wala ya riba, wala ya dhuluma. Pesa safi haikutosha. Wakapunguza jengo, na sehemu moja ikabaki nje ya kuta, nayo ni Hijri Ismail. Mliokwenda Hija mmeizunguka kwa miguu yenu. Nami najua wako wanazuoni walioruhusu mali ya haramu itumike katika njia, vyoo na haja za watu wote, bila mtoaji kutaraji thawabu. Siwapingi. Ila juu ya vichwa vya wanaosujudu, sitaki tuwe chini ya washirikina wa Makka. Mabati yamerudi.

Lakini ngojeni, msianze kumnyoshea kidole. Yule ndugu alinijibu neno ambalo lilininyima usingizi. Alisema: “Shehe, na ile nyumba yenu?” Ni kweli. Nyumba ya wakfu tuliyompangisha mtu kwa duka, ameigeuza nganda, na vyumba viwili vya nyuma vina mapazia. Tulijua. Tulipokea kodi miezi saba tukanyamaza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwalipa walimu wa madrasa. Na mimi ni mmoja wa walimu hao. Nimeikula.

Kamati imekwisha kumwandikia mpangaji ahame. Mshahara wangu wa miezi hiyo nitaurudisha kidogo kidogo. Walimu wengine wana watoto wadogo, siwalazimishi. Kuanzia mwezi ujao madrasa haina pesa, na hilo ni juu yetu sote.

Ndugu yetu naye amesema yuko tayari kulichoma daftari la nyumba ya Kalundu, wasichana wakipata pa kwenda. Ni saba, na baadhi yao si Waislamu, jambo lisilobadili kitu. Mwenye cherehani, mwenye mgahawa, mwenye shamba upande wa Kiliba, anayeweza kumpokea mmoja kwa kazi ya mshahara, anione kabla hajavaa viatu. Safu ya tatu isogee mbele, mawingu yamefunga. Aqimis-swalah.