Chembe Isiyo na Sababu na Imani Yetu juu ya Qadar



Ndugu zangu katika imani, swali ninaloliandikia liliulizwa katika darsa yetu ya baada ya Isha na ndugu anayesoma fizikia, wala hakuuliza kwa ubishi. Alisema: tumefundishwa kwamba kiini cha atomu yenye mnururisho huvunjika bila sababu inayoweza kutajwa, kwa nini kivunjike sasa na si kesho. Kama ndivyo, nguzo ya sita ya imani tunaiweka wapi? Mmoja wetu akamwambia alete istighfar, na darsa ikaendelea. Mimi naona alistahili jibu. Anayeuliza akanyamazishwa habaki bila swali. Analibeba hadi mahali ambapo sisi hatutakuwepo kumjibu.

Tuitazame kwanza hiyo fizikia. Iodini-131 hutumika hospitalini kutibu maradhi ya tezi ya shingo. Nusumaisha yake ni kama siku 8. Ukiwa na atomu milioni moja leo, baada ya siku 8 zitabaki kama laki tano, na baada ya siku 8 nyingine laki mbili na nusu. Daktari hupanga dozi kwa hesabu hiyo, nayo haimwangushi. Lakini chukua atomu moja tu kati ya hizo uulize itavunjika lini: hakuna wa kukuambia. Tena atomu haizeeki. Iliyokaa siku 80 haiko karibu na kuvunjika kuliko iliyotengenezwa asubuhi hii. Embe huiva kwanza ndipo lidondoke. Atomu haina kuiva.

Albert Einstein hakuridhika na jambo hili. Mwaka 1935, pamoja na Podolsky na Rosen, aliandika kwamba nadharia ya kwanta haijakamilika. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, akaonyesha namna ya kulipima suala hilo. Tuseme chembe mbili zilizotoka pamoja zimebeba majibu yao tangu mwanzo, kama barua ndani ya bahasha, na ya huku haiwezi kuathiri ya kule kwa kasi inayopita mwanga. Basi kulingana kwa majibu yao kuna kikomo ambacho hakiwezi kupitwa. Alain Aspect na wenzake walipima fotoni huko Ufaransa, wakatangaza matokeo mashuhuri mwaka 1982: kikomo kilipitwa. Mwaka 2022 Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi za aina hiyo.

Kwa hiyo hakuna barua ndani ya bahasha, angalau si ya namna hiyo. Hapa ndipo ndugu yetu aliposhtuka, na ndipo panapohitaji utulivu. Ni lini aqida yetu ilisema kwamba elimu ya Allah (S.W.) ni barua iliyofichwa ndani ya atomu? Kipimo cha Bell kinahusu sifa ambazo kiumbe hubeba ndani ya ulimwengu. Sura Al-An'am, aya ya 59, inatufundisha kuwa hata jani halidondoki ila Yeye analijua, lakini haisemi kwamba jani limeandikiwa tarehe mgongoni. Mwanafizikia anaposema "hakuna sababu", maana yake ni kwamba hakuna kitu ndani ya maumbile ambacho ukikipima utajua saa ya kuvunjika. Hata hilo wenyewe hawajaafikiana. David Bohm, mwaka 1952, alitoa tafsiri ambamo kila chembe ina njia yake maalumu, ila kwa gharama ya kukubali athari zinazovuka umbali papo hapo. Matokeo yanayotabiriwa ni yale yale, ulimwengu unaosimuliwa ni mwingine. Atakayeifunga aqida yake kwa tafsiri mojawapo ajiandae kuifungua.

Sasa niwageukie ndugu wa upande wa pili, ambao kwa kweli wananitia wasiwasi zaidi. Hawa hufurahi. Husema Sura Yunus, aya ya 61, inapotaja uzito wa dharra na kilicho kidogo kuliko hiyo, imetabiri elektroni. Lakini dharra kwa Waarabu wa zama zile ilikuwa sisimizi mdogo sana, au kivumbi kinachoonekana kwenye mwali wa jua. Ni Waarabu wa zama hizi waliolichukua neno hilo wakaiita atomu. Aya inazungumzia elimu ya Allah isiyopitwa na kitu. Mbona tunaipunguza iwe somo la fizikia?

Wengine humtaja Imamu al-Ghazali (aliyefariki 505 H./1111). Ndani ya Tahafut al-Falasifa alisema kwamba tunachokiona ni pamba kuungua inapogusana na moto. Hatuoni kuwa mguso wenyewe ndio uliolazimisha kuungua. Basi, wanasema, Ghazali aliitangulia kwanta! Hapana. Kwa Ghazali atomu ya iodini si ya ajabu kuliko pamba. Vyote viwili vinasimama kwa uumbaji wa Allah kila lahadha, na utaratibu tunaouona ni desturi aliyoiweka. Anayesema kwanta imempa Allah upenyo wa kufanya kazi hajui alichokisema: amempa Mola upenyo, nyumba nzima akaiachia sababu. (Ibn Rushd alimjibu Ghazali kwa ukali, na anayetaka kumfuata Ghazali amsome na Ibn Rushd pia.)

Linabaki suala la uwajibikaji. Nimesikia ikisemwa kwamba kwanta imetuokoa na jabr: kwa kuwa chembe za ubongo hazijafungwa, basi mwanadamu ana hiari. Wanazuoni wa kalamu walikuwa na mfano wa mkono. Mkono wa mgonjwa hutetemeka, na mkono wa mwandishi huandika. Vyote ni mwendo, lakini kila mmoja wetu anahisi tofauti yake ndani ya nafsi. Kwa tofauti hiyo walijenga fundisho la kasb, gumu kiasi kwamba Waarabu walilifanya methali ya kitu kisichoshikika. Sidai kulimaliza hapa. Lakini angalia bahati ya chembe inaangukia upande upi: ni mtetemeko. Tendo lililonitoka kwa bahati si langu zaidi ya lile nililolazimishwa.

Umar (R.A.) alipofika Sargh akasikia tauni imeingia Sham, aliwashauri watu kisha akarudi. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, alimjibu kwamba anatoka katika qadar kwenda katika qadar. Hakujua nani angeugua kama angeingia. Alijua hatari ya jumla, akaamua, na uamuzi ulikuwa wake.

Nayasema haya kwa sababu maneno ya "kila kitu ni bahati, hata sayansi imekubali" nimeyasikia pia kutoka kwa ndugu zetu wanaotoka swalah ya Ijumaa na kupitia duka la kubeti wakiwa na pesa ya matumizi ya mwezi. Hukumu ya maysir wanaijua, sina la kuwaongezea. Ninachowaomba ni kuifikiria ile iodini. Mwenye duka, kama daktari, hajui ni nani hasa atakayeondoka na nini leo, na wala hana haja ya kujua. Ameshika hesabu ya wateja wote kwa pamoja, na ameipanga kabla hawajaingia mlangoni.

Wallahu a'lam.