Haki ya Mume na Mke Mmoja Wao Akipooza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kutia nguvu na Mwenye kuziondoa. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, jueni, enyi Waislamu wa Ujiji na Kigoma na ufuko wote wa Tanganyika, ya kuwa ndoa hufungwa kwa siku ya afya na kwa siku ya maradhi. Mtu hulala mzima, akaamka upande mmoja wa mwili umelegea na ulimi ni mzito. Hicho ni kiharusi: mshipa wa damu umeziba au umepasuka katika ubongo. Wako wasemao ni jini au upepo, wakamzungusha mgonjwa kwa waganga, na saa za kumfikisha hospitali zikapita.

Aliyekuwa akivua dagaa usiku wa giza sasa hawezi kushika kafi. Aliyekuwa akiwaanika mchangani hawezi kujifunga kanga. Hapo ndipo ndoa hupimwa.

Mume asiseme kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake. Mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badri, Bibi Rukia binti Mtume alikuwa mgonjwa. Mumewe, Sayidna Uthmani bin Affani, akabaki Madina kumuuguza kwa amri ya Mtume. Na vita vilipokwisha alikatiwa fungu lake la ngawira kama aliyehudhuria. Basi nani atadharau kazi hiyo?

Na mke vivyo hivyo. Mali yake ni yake, na nafaka ni juu ya mume. Lakini akiuza mawese akamlisha mumewe asiyejiweza, hiyo ni sadaka. Zainabu, mkewe Abdallah bin Masud, alipouliza juu ya kumpa mumewe, alijibiwa kuwa ana ujira wa namna mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Ila masimulizi na masimango huuharibu ujira huo.

Mgonjwa hulia na kukasirika upesi; huo ni ubongo ulioumia, na ni aibu ya kuoshwa kama mtoto. Ulimi ukifungwa, akili huenda imo. Asisemwe mbele yake kana kwamba hayupo. Aulizwe swali moja moja, la ndiyo au siyo, na asubiriwe. Posa ya bintiye ikija, aletewe yeye. Maadamu akili yake imo na ishara yake yafahamika, angali walii.

Mkono dhaifu uvishwe nguo kwanza, wala asiinuliwe kwa kuvutwa mkono huo. Dawa ya shinikizo la damu aliyopewa na tabibu ainywe kila siku, hata akijiona mzima. Na chumvi ipunguzwe, ijapokuwa ni ya Uvinza.

Sala haikumwondokea: asali kwa kukaa, na akishindwa, kwa ubavu. Na kwa kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafii ngozi ya mume na ya mke zikigusana udhu hutenguka, mwenye kumtawadhisha mwenziwe avae kitambaa mkononi.

Na muuguzi naye ana haki: haki ya usingizi. Watoto na majirani washike zamu. Mwenye kuja kumjulia hali mgonjwa, akaondoka na mkewe hajalala siku tatu, ziara yake ina upungufu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awape subira wanaowauguza, na awalipe wote wawili pepo. Amin.